Gemu ya Giza, Nyumba ya Sponji

Jumamosi, 3 Mei

Nimeibiwa. Sina neno jingine. Miaka sita nimeisubiri sehemu ya pili ya gemu ya Malkia wa Chuma — miaka sita! Watu wameoana, wameachana, wamerudiana, mimi bado nasubiri. Leo nimeondoka karakana mapema, nimemwachia mwenzangu Msumari makochi mawili yakiwa uchi, nimekimbia nyumbani kama mtu aliyesahau sufuria motoni.

Nikawasha kompyuta. Nikaweka chai pembeni. Nikajisugua viganja, mtu mzima mimi.

Na nikakuta nini? Malkia wangu, yule aliyekaa kimya sehemu yote ya kwanza mpaka ukawa unajiuliza anawaza nini — sasa anaongea! Hafungi mdomo! Geuka kushoto. Panda ngazi. Chukua upanga. Angalia nyuma yako. Mshale wa njano unawaka chini ya miguu kila uendako. Ukikaribia shimo, gemu yenyewe inakuvuta nyuma. Nimejaribu kupotea makusudi, nimeshindwa! Zamani nilipotea wiki nzima kwenye lile pango la sehemu ya kwanza, na ilikuwa raha tupu.

Farasi naye anatembea kwa miguu mitatu, wa nne umezama ardhini. Hilo ningelisamehe.

Baba akauliza kutoka kwenye kiti chake sebuleni, nani huyo anayefoka? Nikamwambia ni malkia. Akasema malkia gani anafoka kama msimamizi wa mtihani.

Nimezima. Chai imepoa. Nimelia kidogo, kwa ajili ya gemu, na heri hakuna atakayesoma hapa.

Jumapili, 4 Mei

Bado nina hasira. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Shangazi kapiga simu. Wimbo uleule. Kaka yake anaozea kwenye kiti. Mwalimu mzima wa michezo, aliyekuwa anakimbiza darasa zima uwanjani huku yeye mwenyewe akiwa mbele, leo hata uani hatoki! Anasema zamani, macho yalipoondoka tu, alikuwa anatembea humu ndani. Kweli, alikuwa anatembea. Na alikuwa anajigonga! Magoti, miundi, paji la uso. Mimi ndiye niliyekuwa naosha damu, si yeye kule kwake.

Presha ya macho si mafua. Jicho la kulia lilitangulia, la kushoto likafuata kabla mwaka haujaisha. Nikasema haitatokea tena damu kwenye nyumba hii. Mimi ni fundi wa makochi, sponji kwangu si shida. Nilivisha kona zote za meza. Nilivisha miimo ya milango. Korido nimeipiga sponji na kitambaa kizito mpaka usawa wa kifua. Zulia ukuta kwa ukuta, hadi jikoni! Raba chini ya kila kiti. Bawaba zote nimezitia mafuta. Msumari alipoingia mara ya kwanza alisema anahisi ameketi ndani ya kochi.

Na tangu siku hiyo Baba hajajigonga hata mara moja. Hilo Shangazi halisemi.

Halafu yule mama wa fimbo nyeupe, mwalimu kutoka kituo cha wasioona, alikuja tena Alhamisi. Nilimpokea mlangoni. Nikamwambia Baba hahitaji fimbo, mkono wangu ndio fimbo yake. Akasema mwisho wa mwezi huu anahamishwa, na hajui kama ataletwa mwingine. Tukibadili mawazo tumpigie. Nikasema asante, karibu tena, kwa ile sauti ya usirudi.

Ninachotaka ni kimoja tu. Baba ainuke. Acheke. Hata anigombeze. Kukicha yuko kwenye kile kiti, kukichwa yuko palepale, namlisha, namnyoa, namvalisha soksi, naye anasema asante mwanangu. Asante mwanangu, asante mwanangu. Baba yangu mimi hakuwa mtu wa kusema asante hivyo.

Jumanne, 6 Mei

Nimemwambia Msumari habari za Malkia. Yeye anatengeneza fremu, mimi navisha, kwa hiyo kutwa tunapiga soga. Akaniambia dada yake anacheza gemu moja ambayo haina picha. Nikamuuliza haina picha vipi? Haina. Skrini nyeusi tii. Inaitwa Hodi. Nikacheka mpaka karibu nimeze pini.

Gemu bila picha! Basi na mimi niuze kochi bila kochi.

Jumatano, 7 Mei

Nimeipakua. Basi tu, kwa uchungu wa Malkia.

Skrini nyeusi. Nikasubiri. Nyeusi. Nikasema haya, nimeibiwa mara ya pili ndani ya wiki moja! Nikawa natafuta pa kuizimia, kidole kikagusa kile kitufe kirefu kama nondo cha chini kwenye kibodi — TOK.

Nywele zilisimama.

Ile tok ilitoka, ikaenda mbele, ikagonga kitu upande wa kulia, ikarudi. Niliona ukuta! Sikuona, lakini niliuona. Nikapiga tena. Tok. Kushoto kulikuwa wazi, sauti ikaenda mbali ikarudi imechoka. Kwenye gemu wewe ni mtu umebeba dawa ya mgonjwa aliye ghorofa ya juu kabisa. Umeme umekatika jengo zima. Una fimbo na masikio, hakuna kingine. Hakuna mshale. Hakuna wa kukuambia kitu! Ukifika kwenye mlango unaodhani ndio wenyewe, unabisha. Ukikosea hatua unatumbukia shimo la lifti, na mlio wake, Mungu wangu, unakufuata mpaka chini.

Nimetumbukia mara nyingi sana. Nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa.

Sasa yaliyotokea. Nimefika kwenye mlango, nikabonyeza, mtu wa kwenye gemu akasema kwa sauti kubwa, "Hodi!"

Na sebuleni Baba akaitikia, "Karibu! Karibu ndani! We mwanangu, fungua, kuna mtu!"

Nikamwambia hakuna mtu Baba, ni gemu. Akauliza, gemu inabisha hodi? Nikasema ndiyo. Mimi nikaendelea kugonga, tok, tok, na kabla sijapiga hatua nikamsikia:

"Sasa mbona anaelekea shimoni?"

Nikapiga hatua. Nikatumbukia.

Nimekaa na mdomo wazi. Yeye yuko chumba kingine! Sauti inatoka kwenye vispika viwili vya kichovu! Nimetoka kumtazama, amekaa vilevile, mikono magotini, lakini kichwa kimeinama upande mmoja. Sijamwona ameinamisha kichwa hivyo tangu alipokuwa anasikiliza nani anapiga kelele nyuma ya darasa.

Alhamisi, 8 Mei

Baba ameuliza mwenyewe: yule mgeni wa jana kafika? Ameuliza mwenyewe!

Nimebeba kiti chake, nusura nimbebe na yeye, nimemweka mbele ya kompyuta na kumvalisha visikizio, vispika nikaviacha vilie nami nisikie. Akalalamika. Akasema michezo ni jasho, hizi ni kazi za watu wanaoogopa jua. Nikamshika kidole nikamwonyesha nondo ya kugongea na vile vitufe vinne vya kutembelea. Akagonga. TOK. Akainamisha kichwa. Akagonga tena.

"Ukumbi," akasema. "Mkubwa. Kuna nguzo katikati."

Kuna nguzo katikati! Mimi nimecheza jana nzima sikujua kama kuna nguzo!

Nikamwambia vizuri Baba, sasa nenda mbele, mbele, kushoto kidogo, angalia, ANGALIA — akatumbukia. Tukaanza upya. Nikamwambia kulia Baba, si huko, kulia! Akatumbukia. Mara ya tatu nilimshika mkono kabisa. Akautoa. Hakuutoa kwa upole. Akavua visikizio akanigeuzia uso.

"Nyamaza nisikie."

Ile sauti ya uwanjani. Mwaka mzima sijaisikia. Nimekaa chini kwenye zulia nikaziba mdomo. Akafika mlangoni kwa mara moja, hodi, karibu, akaingia. Kisha akasema nimemuua mara mbili kwa mdomo wangu.

Amenigombeza! Nimefurahi mpaka nimechanganya chumvi na sukari kwenye chai yake.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi kutoka karakana. Kiti cha sebuleni hakina mtu.

Nikaita. Hakuna jibu. Nikaenda jikoni, nikaenda uani, nikarudi, nikaanza kupiga mayowe — na kumbe yuko chumbani kwangu, mbele ya kompyuta, visikizio masikioni, anamtukana mtu. Baba yangu! Mzee wa heshima! Anamwita mlinzi wa ghorofa ya pili ya gemu jina ambalo siwezi kuliandika hata hapa.

Nikamgusa bega. Akaruka. Nikamuuliza umefikaje huku? Akasema kwa miguu, wewe huwa unafikaje? Niliacha gemu imewashwa asubuhi. Amechukua muda mrefu kuvuka korido, anasema, zaidi ya ghorofa ya kwanza nzima. Nikadhani anatania.

Fulana yake ililowa. Nikamwambia Baba una jasho. Akasema usibadilishe mada.

Jumatatu, 12 Mei

Ghorofa ya tatu! Mimi bado ya pili. Msumari anacheka, anasema nimezidiwa na mzee. Nimemtupia kipande cha sponji.

Shangazi kapiga, Baba kamwambia hana nafasi, yuko kazini. Shangazi kanipigia mimi kuuliza kama kaka yake ameanza kurukwa na akili.

Jumatano, 14 Mei

Siku mbaya. Ghorofa ya nne ni hoteli. Mazulia kila mahali, mapazia mazito, kuta zimevishwa vitambaa. Unagonga — puf. Hakuna kinachorudi. Fimbo ni kama unapiga mto. Mimi nilijaribu nikatumbukia hapohapo mlangoni. Baba kajaribu tangu narudi kazini mpaka chakula kikapoa.

Tok hakuna. Puf tu. Puf, puf.

Mwishowe akavua visikizio akaviweka juu ya meza taratibu, akacheka kidogo. "Hapa ni nyumbani kabisa," akasema.

Nikacheka na mimi. Nilidhani anamaanisha pazuri.

Akaomba mkono wangu. Nikamrudisha kwenye kiti chake. Akasema asante mwanangu.

Alhamisi, 15 Mei

Siwezi kuandika vizuri.

Leo karakana, Msumari alikuwa anagongomea fremu tupu, mimi nimekaa upande wa pili na kochi lililokwisha kuvishwa. Nikawaza ghorofa ya nne. Nikafumba macho kwa utani tu, nikapiga ulimi mbele ya fremu. Mti ukajibu. Nikageukia kochi, nikapiga ulimi. Hakuna kitu. Kama halipo. Nimenyoosha mkono, lipo!

Nikapiga tena. Fremu ipo. Kochi halipo.

Msumari akaniuliza nina nini. Nimeacha sindano kwenye kitambaa, nimeondoka.

Nimeingia nyumbani nikafumba macho palepale mlangoni. Nikapiga makofi. Puf. Nikaenda koridoni, nikapiga makofi. Puf! Nikapiga mguu chini. Nikasema "hee!" kwa sauti, ikafia mdomoni. Mlango wa jikoni nimeufungua, haulii. Nilitia mafuta mimi. Kiti nimekisukuma, hakilii. Niliweka raba mimi. Sikujua niko wapi kwenye nyumba niliyozaliwa!

Baba hakuacha kutembea kwa sababu ya macho. Aliacha nilipomaliza kushona.

Mungu wangu. Mimi ndiye ghorofa ya nne.

Ijumaa, 16 Mei

Nimempelekea chai, nikakaa chini karibu na miguu yake. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akauliza nikuambie nini. Nikasema sponji.

Akanywa chai nusu kikombe nikimtazama. Nataka kuyaandika kama alivyoyasema nisije nikayapunguza.

"Mlango wa jikoni nilikuwa naujua kwa kilio chake. Meza nilikuwa naijua kwa kandambili zangu, nikiikaribia zinabadilika mlio. Nilikuwa najigonga, ndiyo, lakini nilikuwa najifunza, kila siku najigonga padogo. Halafu ukaanza kushona. Asubuhi moja nikaamka, nikasimama, nikasema eh. Eh yangu haikurudi. Nikadhani na masikio yameondoka. Nikakaa."

Nikamwambia Baba, ungesema tu! Neno moja!

"Ulishona wiki nzima unaimba. Ulikuwa hujaimba tangu macho yangu yazime. Ningekuambiaje?"

Nimelia. Akanipapasa kichwa, akakosea akapapasa sikio. Nikamuuliza na yule mama wa fimbo? Akasema alisikia yote, mlango sikuufunga vizuri. Nikamuuliza ulimtaka? Akageuza uso upande wa dirisha.

"Ulimwambia mkono wako ndio fimbo yangu. Sasa mimi baba yako ningeanzaje kuukataa mkono wako?"

Miezi yote hii! Anakaa kwenye kiti kwa ajili yangu, mimi nazunguka namhurumia. Na nilivyomlaani Malkia kwa midomo yake na mshale wake wa njano! Niliona ni dharau. Nilizima baada ya saa moja. Baba hana pa kunizimia.

Jumapili, 18 Mei

Tumebomoa! Msumari kaja na koleo na patasi tangu asubuhi. Pini zinaruka kama bisi. Zulia la sebuleni tumelikunja tukalitoa uani, la koridoni limechanika vipande, la jikoni lilinata na gundi yangu, nami naipaka gundi vizuri, ole wangu. Kuta zimebaki na mabaka kama zimeugua ukurutu. Nyumba mbaya! Mbaya sana! Sijawahi kuiona mbaya hivi.

Baba alikaa katikati ya sebule akisikiliza. Msumari alipotoa kipande cha mwisho, Baba akasimama bila mkono wa mtu. Akapiga makofi mara moja.

"Dirisha," akasema, akanyoosha kidole. Dirisha. Akapiga tena. "Korido." Akageuka. "Msumari amesimama mlangoni, na wewe umechuchumaa pale na pua imeziba."

Msumari akatoka nje kabisa. Alisema anafuata maji, lakini maji yako jikoni.

Baba akaenda jikoni. Peke yake! Akajigonga meza kiunoni — nikaruka — akanyanyua mkono juu kama refa anayezuia mchezaji. Nikasimama hapohapo. Akafika kwenye bomba, akafungua, akanywa kwa kiganja. Akarudi. Ndevu zinadondoka maji mpaka sakafuni, na matone yale tunayasikia wote.

Jumatatu, 19 Mei

Nimempigia yule mama. Nimeomba radhi, nimejikanyaga, nimesema samahani kama wimbo. Hakunisimanga hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Anaondoka tarehe thelathini na moja. Muda ni mfupi, anasema, kawaida ni miezi. Atakuja kila siku anayoweza. Fimbo ni mali ya kituo: siku ya mwisho Baba akivuka barabara mpaka dukani na kurudi bila mkono wala sauti ya mtu, inabaki kwake. Asipoweza anairudisha, kwa sababu mtu nusunusu barabarani ni hatari kuliko mtu wa kwenye kiti.

Barabara! Nilidhani watafanya uani.

Alhamisi, 22 Mei

Damu. Muundi wa kushoto, ukingo wa ngazi ya mbele. Nimetoka na pamba na dawa, mama wa fimbo kanizuia kwa kiganja tu, hata hakugeuka. Baba kapangusa kwa leso yake mwenyewe. Vibaya, kajipaka kila mahali. Wakaendelea.

Yule mama anamwita Mwalimu. Baba naye anamwita yeye Mwalimu. Mwalimu inua mkono, Mwalimu nimeinua, Mwalimu fimbo mbele, Mwalimu iko mbele. Na mimi nimepewa adhabu ya kukaa jikoni mlango ukiwa umefungwa. Nikiwa jikoni nimekwangua sufuria mpaka imebadilika rangi.

Jana kwenye barabara Baba alipoteza mwelekeo, akaishia getini kwa jirani. Leo tena. Ana hasira kama mbogo. Hali chakula changu mpaka ajikatie nyama mwenyewe, na nusu inaruka sakafuni.

Hasemi asante tena. Naandika hili nikicheka.

Jumamosi, 24 Mei

Amevuka ghorofa ya nne!

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, kimya, nimejifunza. Puf, puf, kama kawaida. Mara akaacha kugonga katikati. Akaenda pembeni kabisa, akawa anagonga chini ya ukuta, taratibu, puf, puf, puf — TOK. Ukingo! Kipande chembamba cha sakafu ambacho fundi wa zulia hakukifikisha ukutani. Akaufuata ukingo ule korido nzima, akibisha kila mlango, mpaka sauti ya yule mgonjwa ikasikika juu ya ngazi, bado mbali, anakohoa.

Msumari aliposikia akaniangalia. Najua alichowaza. Mimi ningelifikisha lile zulia. Siachi ukingo mimi, ndiyo sifa yangu mjini.

Nimewaza hilo siku nzima na nimeona haya kwa kazi nzuri, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Malkia wa Chuma nimeifuta kwenye kompyuta. Sikumbuki hata ilikuwa inahusu nini.

Ijumaa, 30 Mei

Leo amevuka kwenda, kurudi kashindwa. Lori lilipita, likala sauti zote, akaganda katikati ya barabara. Mama wa fimbo ilibidi amshike mkono. Tangu saa hiyo Baba hajagusa gemu. Amekaa kwenye kile kiti.

Shangazi kapiga, nimemwambia kesho. Akauliza kesho nini. Nikakata simu, kwa mara ya kwanza maishani nimemkatia Shangazi.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekaa dirishani na shajara mapajani. Baba mwenyewe kanipangia. Alisema kaa dirishani, andika hayo mambo yako unayoandikaga — kumbe anasikia kalamu! — lakini ukiniita, ukikohoa tu, umeniua kama ulivyoniua ghorofa ya kwanza. Nikaapa.

Anakwenda kununua wembe. Anasema amechoka kunyolewa kama kondoo.

Mama wa fimbo yuko nyuma yake mbali, kafunga mdomo. Mizigo yake iko mlangoni kwetu, gari lake ni la mchana.

Katoka getini. Kashika ukuta wa jirani kwa sauti, tok, tok. Kapita gari lililoegeshwa, kalikwepa bila kuligusa. Sijui kalijuaje! Kafika kwenye barabara. Kasimama. Kichwa upande. Kavuka. Kavuka!! Yuko dukani. Simwoni, mwenye duka kamkinga.

Hatoki.

Hatoki bado. Wanaongea nini? Wembe ni wembe!

Katoka. Ana kikaratasi mkononi, ana fimbo, anatabasamu ovyo. Anarudi. Amefika ukingoni upande ule. Pikipiki, kaisubiri, imepita. Sasa avuke. Havuki. Kuna lori limesimama mbele ya duka, limewashwa, linanguruma papo hapo, jana yote inarudi. Ananyoosha fimbo, anairudisha. Anageuza kichwa huku, kule. Amegeuka vibaya! Anaelekea kule chini, kwenye kona, si huku! Mama wa fimbo hasogei. Anamtazama tu. Sogea basi wewe mama!

Neno moja. Kutoka hapa ataisikia sauti yangu hata na lori. Baba, kushoto. Basi. Atavuka, atafika, nami nitakuwa nimemfikisha, na fimbo itaondoka na gari la mchana.

Ameinama. Anagonga chini, si mbele. Anagonga ukingo wa lami taratibu, anaufuata, amegeuka kidogo. Kidogo tena. Uso wake sasa uko kwangu, moja kwa moja, kama ananiona.

Kuna gari linakuja kwa mbali. Analisikia? Lori linanguruma. Sijui kama analisikia. Mdomo wangu uko wazi, nimeuziba kwa mkono wa kushoto, naung'ata, wa kulia unaandika wenyewe siutazami. Kanyanyua fimbo. Mguu mmoja umeshuka barabarani — kaurudisha, kalisikia, gari limepita, na sasa anavuka, fimbo mbele, anakuja huku.